Mtu wa Saba Katika Boti ya Muharami

Butiama,
20 Januari 2025

Bi Shamsia,

Kwa miaka kumi na miwili nimeficha karatasi moja, na karatasi hiyo ndiyo iliyompeleka mumeo gerezani.

Hunijui. Naitwa Clementi Wanzagi. Hadi nilipostaafu mwaka 2013 nilikuwa ofisa wa usafirishaji wa serikali pale Musoma. Sasa nina miaka sabini na mbili, figo zote mbili zimekataa kazi, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali.

Jumamosi redio ilisema kwamba Kamati ya Bunge itakaa Bunda tarehe 13 Machi, kusikiliza wananchi kuhusu usafiri wa majini na ahadi za serikali ambazo hazikutimia. Ikasema watu wa kisiwa cha Rukuba watasemewa na Shamsia Luqmani, fundi cherehani wa Nyakato, mjane wa nahodha Muharami. Niliposikia jina hilo nilizima redio. Baadaye niliiwasha tena, lakini walikuwa wameshahamia kwenye mpira.

Mwezi Aprili 2012 mbunge aliuliza ni lini Serikali itapeleka kivuko Rukuba. Waziri alisimama akajibu: "Mheshimiwa Spika, kivuko cha MV Chamuriho kimekwishaanza kutoa huduma kati ya Musoma na Rukuba, mara tatu kwa wiki." Maneno hayo ni yangu. Waziri hakuwahi kuiona Rukuba hata kwa mbali. Mimi niliandika, yeye akasoma, Hansard ya Bunge ikanakili, na kuanzia siku hiyo Rukuba ikawa na kivuko. Kila mbunge aliyeuliza tena alijibiwa kwamba swali hilo limeshajibiwa.

Novemba mwaka huohuo boti ya mumeo ilizama. Mahakama iliiandikia ofisi yetu kuuliza kama kivuko kipo. Ofisi ilijibu kwamba kipo. Sahihi ni yangu.

Nakala ya jibu nililolituma Dodoma ninayo, pamoja na maelezo ya nahodha wa kivuko yaliyokuwa yanasema kinyume, ambayo niliyakalia. Nataka uyapeleke mbele ya Kamati. Siombi msamaha. Naomba uyapokee tu.

Anayekuletea barua ni Getruda, binti wa marehemu mdogo wangu, ambaye ndiye ananiuguza. Kila Jumatano hushuka Musoma kuchukua dawa. Sikupigii simu kwa sababu maneno ya simu yanakanushika. Najua, nimekanusha mengi.

Clementi Wanzagi


Nyakato, Musoma,
25 Januari 2025

Mzee Wanzagi,

Shikamoo. Nakupa hiyo kwa sababu mama yangu alinifundisha kuamkia wenye mvi, si kwa sababu nimeona umeistahili wapi.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Getruda alikuwa mlangoni anasubiri jibu. Nikamwambia, "Binti, kaa chini unywe uji, jibu la hili halitoki leo." Akanywa, akaondoka mikono mitupu. Yeye hana kosa.

Sasa ngoja nikueleze karatasi yako ilifanya kazi gani, maana nyie watu wa ofisini mkishapiga muhuri mnakwenda kula chakula cha mchana.

Mwendesha mashtaka aliinyanyua juu kama mtu anayeuza gazeti stendi. Akasema, "Mheshimiwa, kivuko kipo. Bunge lenyewe limeambiwa kipo. Huyu alikuwa anawapakia watu kwenye boti ya kuvulia kwa tamaa zake." Mume wangu akajibu, "Mheshimiwa, mimi ni mzaliwa wa Rukuba. Hicho kivuko nilikiona siku moja tu, kikageuza, kikaondoka." Watu wakacheka. Hakimu akamuuliza, "Kwa hiyo Bunge zima ni waongo, mkweli ni wewe na boti yako?" Akala miaka mitano. Alitoka 2016 na kifua kimeoza. Tulimzika 2019.

Na si yeye peke yake. Mwalimu Kwangu alikufa. Maige wa dagaa alikufa na mke wake. Na Rhobi, binti wa kidato cha nne, alikuwa anavuka kwenda kufanya mtihani wa taifa. Mama yake mpaka leo akiniona sokoni anapita upande wa pili. Simlaumu. Kwake mimi ni mke wa muuaji.

Kuna jambo jingine, na hili sijalisema redioni. Muharami aliapa kwamba katika boti walikuwa saba. Polisi walihesabu sita: wale wanne waliokufa, yeye, na Bi Mwanaupe aliyeokolewa. Wakamuuliza, wa saba ni nani? Akasema ni mwanaume mtu mzima, jina halijui, alivaa viatu vyeusi vya kung'aa, "nilimwambia avivue akakataa". Alipotaka kuendelea wakamkatiza. Bi Mwanaupe alikuwa amekaa mbele kabisa tangu boti iko mchangani, kajifunika turubai kwa ajili ya upepo. Alisema mtu hakumwona, ila nyuma alisikia sauti inaongea kama msoma taarifa ya habari. Hakimu akasema hiyo ilikuwa redio. Wavuvi wa kambi ya Rukuba waliokuwepo boti ikiondoka ni watu wa kuhamahama. Kesi inasikilizwa, wenyewe wameshafuata dagaa Ukerewe, wengine Uganda. Nani angewatafuta? Mimi na cherehani yangu?

Sasa sikia aibu yangu. Nilikwenda kumwona gerezani nikamwambia, "Mume wangu, achana na habari za mtu wa saba. Unatuchekesha kwa watu." Mpaka kufa hakumtaja tena.

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa na swali moja tu. Nilimuuliza tumekaa, nilimuuliza anaumwa: kwa nini uliondoka na upepo ule? Yeye alilijua ziwa kuliko kiganja chake. Watu wengine wakitoka, yeye alikuwa anakaa nchi kavu anashona nyavu, wanamwita mwoga, anacheka. Kwa nini siku ile? Amekwenda kaburini hajanijibu.

Karatasi zako nitazichukua. Lakini karatasi haina mdomo, mzee. Njoo Bunda uketi mbele yao useme, "Mimi ndiye." Kama uliweza kuongea kwa mdomo wa waziri, huu wako unashindwa nini?

Shamsia Luqmani


Butiama,
6 Februari 2025

Bi Shamsia mwanangu,

Nakutumia karatasi zote mbili. Zitunze. Ile yenye doa la chai, ya nahodha wa kivuko, ndiyo yenye nguvu.

Bunda sitaweza kufika. Nikikaa kitini kwa saa moja miguu inavimba hadi Getruda anaweka kidole na shimo linabaki. Lakini nitakueleza jinsi mambo yalivyokwenda, ili Kamati isije ikadanganywa tena kwa njia zilezile.

Kivuko kilikuwepo. Hili watu hawalijui. Kilinunuliwa, kikapakwa rangi ya buluu na nyeupe, kikazinduliwa Musoma kwa ngoma na hotuba. Utepe ulikatwa. Kisha tukapanda kwenda Rukuba, sisi na mbuzi wa sherehe. Tulipofika tukakuta jambo ambalo kila mvuvi alilijua na hakuna ofisa aliyeuliza: pwani ya kisiwa kile ni mawe, na hapakuwa na gati. Bajeti ilikuwa na kivuko bila mahali pa kukiegesha. Gati lilikuwa limepangwa katika mwaka mwingine wa fedha. Nahodha aliteremsha mlango wa mbele ukaangukia kwenye maji marefu. Mbuzi alitumbukia. Yeye aliogelea hadi nchi kavu, kwa hiyo katika safari ile abiria aliyefikishwa Rukuba ni mbuzi. Sisi tuligeuza. Baada ya wiki mbili kivuko kilihamishiwa upande wa Kibara, na hakikurudi.

Sasa ujue jibu la Bunge linavyopikwa. Simu inapigwa asubuhi kutoka Dodoma: kuna swali, linajibiwa kesho, tuletee maelezo kabla ya saa sita. Hakuna anayesema danganya. Wanasema, "Mzee Wanzagi, utuletee jibu zuri." Nawe unajua jibu zuri ni lipi. Ukiandika kwamba tumenunua kivuko bila gati, kesho yake utaitwa kueleza nani alisahau gati. Aliyesahau ni mkubwa wako. Basi unaandika kwamba huduma imeanza, na moyoni unajiambia, si ilianza? Ilianza siku moja.

Ikafuata Kamati. Hao wabunge unaokwenda kuonana nao si wa kwanza. Machi 2013, miezi minne baada ya ajali, kamati nyingine ilikuja Musoma, ikataka kuvushwa hadi Rukuba ikaone kwa macho. Mimi niliwaambia, "Waheshimiwa, ziwa limechafuka, kwa usalama wenu haiwezekani." Siku hiyo maji yalikuwa yametulia kama kioo. Walikaa kwenye bustani ya hoteli, wakala sato, mmoja akaniuliza kivuko kiko wapi. Nilinyoosha kidole kuelekea meli ya mizigo iliyokuwa mbali. Nikasema, "Kile." Wakaandika.

Nina hasira, Bi Shamsia. Nina hasira na waliokuwa wanapiga simu, na wabunge waliokubali kulikagua ziwa wakiwa kivulini, na mimi mwenyewe. Nilisomeshwa na nchi hii kuanzia darasa la kwanza hadi chuo kikuu, bure, ili nije niwaambie waheshimiwa kwamba kivuko ni kile.

Kuhusu mtu wa saba, sina la kukusaidia. Usilishike sana. Mtu aliye katika mawimbi, mkono mmoja ameshikilia mashine iliyofungwa kwa kitambaa cha kijani na mwingine anachota maji, hawezi kuhesabu watu vizuri. Huenda alimhesabu mmoja mara mbili. Kamati itakuheshimu zaidi ukibaki kwenye suala la kivuko.

Clementi Wanzagi


Nyakato,
12 Februari 2025

Mzee Wanzagi,

Usiniite mwanangu. Baba yangu alikuwa seremala, alikufa na vidole vinane, na hakuna siku alinyoosha hata kimoja kwenye uongo.

Mambo ya kivuko nimeyaelewa. Nimecheka kwa yule mbuzi, halafu nimelia kwa hasira. Nimewasomea kina mama wa Rukuba wanaokuja kuuza dagaa pale boti zinapotia nanga, mwalo wa Mwigobero. Mmoja akasema, "Kumbe tulikuwa na kivuko cha mbuzi!" Wakapiga vigelegele vya kejeli mwalo mzima ukageuka. Barua hiyo Kamati itaisikia yote.

Sasa tuje kwenye kitambaa cha kijani.

Jumapili tarehe 4 Novemba 2012 nilikuwa nakata sare za kwaya ya Wasabato. Kitambaa cha kijani kibichi. Muharami akasema kile kifungio cha mashine ya boti kimelegea, nipe kipande nikifunge. Nikamkatia pindo, upana wa viganja viwili. Akaondoka nacho asubuhi ya Jumatatu kwenda Rukuba. Jioni boti ilizama. Mashine iko chini ya ziwa mpaka leo, na kitambaa kiko nayo. Polisi hawakukiona. Kwenye jalada la kesi hakimo, jalada hilo nimelisoma mpaka nimelikariri. Bi Mwanaupe alikuwa amejifunika turubai, ameangalia mbele. Mimi sijamwambia mtu, maana ni nani anajali kitambaa?

Wewe ulikijuaje?

Nitakwambia ninavyofikiri. Unamjua mtu wa saba. Alirudi ofisini kwenu akiwa amelowa, akakusimulia. Ni mkubwa wako, huyohuyo aliyesahau gati. Na wewe mpaka leo, umekaa unasubiri kufa, bado unamlinda! Bado unaandika jibu zuri!

Eti alimhesabu mmoja mara mbili. Unajua nimefanya nini niliposoma hapo? Niliweka mkasi chini. Maneno hayo ndiyo niliyomwambia na mimi pale gerezani, ila kwako sikuyaandika. Mimi nilikuwa mjinga. Wewe ulikuwa unajua.

Nataka jina. Sitaki karatasi, sitaki hadithi ya jinsi mnavyopika. Jina moja.

Shamsia


Butiama,
22 Februari 2025

Dada Shamsia,

Salamu. Mimi ni Getruda, huwa naleta barua. Leo naandika mwenyewe, baba mkubwa hajui.

Nakuomba dada, usimwandikie tena. Tangu ile barua ya mwisho hali imekuwa mbaya. Alilazwa siku sita, juzi tumemrudisha nyumbani kwa sababu alikataa kufia hospitali. Chakula hali. Anaita, "Muharami, Muharami, ngoja." Nikamuuliza ni ndugu yetu? Akageukia ukutani.

Mimi simwelewi huyu mzee. Nimekaa kwake mwaka wa tisa. Samaki halagi, hata dagaa, na sisi ni watu wa hapahapa Mara. Tukienda Musoma anakaaga upande wa gari usioona ziwa. Nilikuwa nadhani ni mambo ya uzee.

Juzi aliniagiza nichome sanduku la karatasi zake za ofisini. Nilipolifungua, chini kabisa nikakuta kiatu kimoja. Kiatu cheusi cha mguu wa kushoto, kimekakamaa, kina mchanga ndani. Nikamuuliza, "Baba mkubwa, na hiki nichome? Mwenzake yuko wapi?" Alilia dada. Sijawahi kumwona analia, hata alipomzika mke wake. Akasema rudisha, rudisha ulipokitoa.

Sanduku sikulichoma. Nakuambia haya ili uone hali yake na umwonee huruma. Ni mtu mzuri. Ndiye alinisomesha.

Getruda


Nyakato,
26 Februari 2025

Getruda mdogo wangu, barua hii msomee mwenyewe. Usimwachie asome peke yake.

Mzee Wanzagi,

Nilikuomba jina. Sasa ninalo, wala si wewe uliyenipa.

Nimekaa nalo siku nzima, cherehani imefunikwa. Nilipanga kupanda gari nije nikuzibe pumzi kwa mto wako mwenyewe. Kisha nikafikiri: huyu akifa mkononi mwangu, na mimi nitapelekwa mbele ya hakimu, na atakayeulizwa kama alikuwemo mtu wa saba kwenye boti atasema hapana, ofisi haina taarifa.

Kwa hiyo siji. Jina hilo sitaliandika hapa, na tarehe 13 sitalitamka. Nikilitamka mimi litakuwa neno la mke wa mfungwa dhidi ya mtu wa serikali, na mchezo huo tumeshaucheza tukashindwa. Mama yake Rhobi atakuwepo Bunda. Nimemwalika. Amekubali kuja ila amesema hatakaa karibu na mimi.

Mume wangu alikuwa na mashahidi wawili: kiatu na wewe. Kiatu kimekuwa mwaminifu kuliko wewe.

Lile swali langu unalijua, na mtu wa kulijibu umebaki peke yako duniani. Umejibu maswali ya Bunge zima. Jibu na la kwangu.

Jumamosi tunaanza kufunga. Nitamwomba Mungu akupe siku kumi na mbili kuanzia hapo, hadi tarehe 13. Si kwa kukupenda.

Shamsia Luqmani


Butiama,
10 Machi 2025

Bi Shamsia,

Mkono umevimba, hauwezi kushika kalamu. Mimi natamka, Getruda anaandika. Aliposikia sentensi ya kwanza aliacha akatoka nje. Nilidhani hatarudi. Amerudi, lakini tangu hapo haniiti baba mkubwa.

Nilikudanganya Februari nikijua ninachofanya. Ulipoandika kwamba Muharami alitaja viatu, nilitaka kukutoa kwenye jambo hilo haraka, na katika haraka hiyo nikaandika kitambaa. Miaka arobaini nimeandika barua ambazo hazisemi kitu. Kitambaa kile kilinishinda kwa sababu nilikitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekaa mbele yake, magoti yetu yanagusana.

Nilipoanza kukuandikia nilitaka kufa nikiwa nimekiri kosa dogo. Mtu aliyesoma hujua kuchagua kosa la kukiri.

Karatasi ya pili ni ya Kamati. Nimeitamka kwa namna niliyoizoea, kwa swali na jibu, kwa sababu namna nyingine siijui. Isome wewe, kwa sauti yako, na usome polepole ili wanaoandika Hansard wasipitwe na neno. Getruda atakuja na kiatu. Kiweke mezani.

Clementi Wanzagi


KWA MWENYEKITI WA KAMATI, BUNDA

SWALI: Shamsia Luqmani, mjane, anauliza: Kwa nini nahodha Muharami aliondoka Rukuba jioni ya tarehe 5 Novemba 2012, ilhali alijua kwamba ziwa limechafuka?

JIBU: Mheshimiwa Mwenyekiti, siku hiyo mbunge alikuwa ameonyesha wasiwasi juu ya jibu la Aprili, na Serikali ilitakiwa kuthibitisha asubuhi ya Jumanne kwamba kivuko kipo. Mimi niliagizwa kwenda Rukuba kuhakiki. Nilivuka asubuhi kwa boti ya wavuvi, kwa sababu hapakuwa na kivuko cha kunipeleka kuhakiki kivuko.

Boti iliyonileta iliendelea na safari zake. Saa kumi jioni nilimkuta nahodha Muharami kwenye kambi ya upande wa magharibi, ameivuta boti yake juu ya mchanga. Nilimwambia anirudishe Musoma. Alikataa. Alisema, "Mzee, upepo huu si wa kuondoka nao. Lala hapa, alfajiri nitakufikisha kabla hujanywa chai." Mwalimu Kwangu, Maige na mkewe, Bi Mwanaupe na binti Rhobi walikuwa wamekubaliana naye kuondoka alfajiri. Binti alikuwa anasoma daftari lake amekaa juu ya gunia; Bi Mwanaupe alikuwa ameshakaa ndani ya boti, mbele, chini ya turubai.

Nilimwambia mara ya pili. Alikataa tena, akacheka kidogo, akasema ziwa halina mkubwa. Wavuvi wakacheka pamoja naye. Nilikasirika kwa sababu ya kicheko hicho.

Mara ya tatu nilimwonyesha kitambulisho cha Serikali. Nilimwambia kwamba leseni yake inapita mezani kwangu, kwamba kesho boti hiyo itakuwa kituo cha polisi na hatavua tena katika maji ya mkoa huu. Nilimwambia, "Bunge halisubiri upepo." Kisha akaanza kuisukuma boti majini. Wale wengine walipoona anaondoka, wakadhani kama yeye ameridhika basi ziwa linapitika, wakapanda. Walikuwa wanamwamini.

Boti ilikuwa na jaketi moja la kujiokolea, na lilikuwa la kwake. Wimbi la kwanza lilipoingia alilivua akanivalisha mimi, akazifunga kamba yeye mwenyewe. Aliniambia nivue viatu. Sikuvua. Kimoja kilichukuliwa na maji.

Nilielea hadi nikaokotwa na wavuvi wa dagaa ambao hawakunijua. Niliwaambia nimeanguka kutoka mtumbwi mwingine. Sikuwaambia kwamba nyuma yangu kuna watu. Walikuwa na mashine nzuri, na lile eneo halikuwa mbali.

Saa mbili asubuhi nilikuwa ofisini. Watu walikuwa wanakimbia mwaloni kutazama miili ikiletwa. Niliandika kwenda Dodoma kwamba nimefika Rukuba mwenyewe, nimehakiki, na kivuko kinaendelea kutoa huduma. Ningeandika vingine ningeulizwa nilirudije.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mahakama ilihesabu watu sita. Walikuwa saba, kama nahodha alivyosema, na mkewe aambiwe kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kuhusu swali la msingi, jibu ni kwamba Muharami hakuondoka. Niliondoka mimi, katika boti yake.

Clementi Wanzagi